Kona Kumi na Mbili za Mwalimu Luseno

Jumatatu, 12 Mei 2025
Afisa wa elimu ya chekechea, Madam Beldina, amekagua shule yangu hapa mtaani Umoja. Amesema darasa halina kona. Alipoondoka nimezihesabu. Zipo nne. Atarudi Ijumaa. Asiporidhika, nafunga, na watoto wataenda kwa Nduta, mwenye shule ng'ambo ya barabara. Wanane wameshahamia huko. Mbeti, mwalimu niliyemwajiri, alitaka kunieleza. Nimemwambia mkurugenzi haelezwi kona.

Jumanne, 13 Mei
Fundi ameweka vizuizi vya mbao. Sasa kona ni kumi na mbili. Giza kidogo. Mtoto mmoja, Tiffany, amepotea nusu saa humo humo darasani.

Jumatano, 14 Mei
Nimepeleleza kwa Nduta, nikijifanya mzazi. Hakuna anayesoma. Vizibo, makopo, maboksi. Takataka tupu, na wazazi wanalipia. Msichana mmoja alikuwa akiuza mandazi ya udongo. Akaniambia, "Babu, panga laini." Nikapanga. Nilipofika mbele, mandazi yalikuwa yameisha. Nimeudhika mchana kutwa, sijui kwa nini.

Alhamisi, 15 Mei
Nimetoa ratiba. Saa mbili hadi mbili na robo, kucheza. Kisha dakika tano za kufurahi. Watoto wamekunja mikono wakaniangalia. Tiffany ameuliza kama ni mtihani. Nimesema ndiyo, ili wautilie maanani. Wawili wamelia. Mbeti ameomba nimwachie darasa kesho. Nimekubali. Lawama zitakuwa zake.

Ijumaa, 16 Mei
Nimefika nikakuta vizuizi vyangu vimelazwa. Kimoja kaunta ya duka, kingine kitanda cha hospitali. Aliyeketi kitandani ni Madam Beldina mwenyewe, Tiffany akimpima homa kwa kijiti. Nikajua tumekwisha. Kumbe tumepita. Akampongeza Mbeti kwa kona nzuri, ya duka na ya hospitali. Sikuona kona hata moja. Nikamkumbusha Madam kwamba mbao ni zangu. Akatazama kuta zisizo na picha hata moja, akasema limebaki jambo dogo: kuta za darasa zizungumze na watoto.

Jumamosi, 17 Mei
Mbeti amepiga simu mara tatu, anataka kunieleza habari za kuta. Sikupokea. Mtu akipongezwa siku moja tu anataka kumfundisha mkurugenzi. Nimekwenda Komarock kutafuta spika. Muuzaji ameuliza ni za kanisa au za baa. Nimesema za chekechea. Ameniletea mbili za kimo cha Tiffany. Jumatatu Nduta atazisikia kuta zangu akiwa kwake.