Makaa ya Moto kwa Wifi Kalolaine

Jumatatu, 3 Machi
Jana Mchungaji Semisi kahubiri saa nzima. Neno lenyewe: ukifika madhabahuni ukakumbuka kwamba mwenzako ana jambo nawe, acha sadaka yako hapo hapo, nenda kapatane naye kwanza. Meza ya Bwana ni Jumapili ijayo. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mimi nikageuka kumtazama aliye nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Leo dukani nimesikia Kalolaine anaondoka. Anakwenda Auckland kwa binti yake Lose, aliyejifungua mapacha. Ndege ni Jumatatu ijayo. Si kutembea. Kuhamia!

Kalolaine ni dada wa marehemu mume wangu, Feleti. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa maua tu. Miaka thelathini na moja tumeponda magome pamoja kutengeneza vitambaa vya harusi na misiba ya kijiji kizima. Gogo moja, nyundo mbili, yeye upande wa bahari, mimi upande wa barabara. Sasa miezi saba hatusemezani.

Kosa langu? Sina kosa. Nilimwombea. Ibada ya akina mama, mwezi wa nane mwaka jana, nilisimama nikamsihi Mungu kwa sauti amsaidie dada mmoja kati yetu anayezidisha maji kwenye gundi ya muhogo, hata kitambaa cha harusi kikabanduka mbele ya wageni. Jina sikutaja. Macho nilifumba. Nilipofumbua, Kalolaine alikuwa mlangoni anavaa viatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefikiri vizuri. Anayepaswa kuomba msamaha ni yeye. Sala yangu ilikuwa ya dakika mbili, kinyongo chake kina miezi saba. Hesabu iko wazi.

Mpango: makaa ya moto. Si tumefundishwa? Mlishe adui yako, utampalia makaa kichwani. Nimepika majani ya magimbi na nyama ya kopo, tui la nazi tatu, zito. Nimeweka sahani juu ya jiwe la mpakani, nikajificha nyuma ya tangi la maji nimwone akiungua.

Katoka. Kanusa. Kachukua. Hakuungua hata kidogo.

Saa kumi sahani imerudi juu ya jiwe, imeoshwa, ina samaki mzima wa kuokwa na viazi vikuu viwili. Makaa yake makubwa kuliko yangu! Nimekula samaki mzima kwa hasira. Tumboni mwake kaweka ndimu na majani ya kitunguu, kama mama yao alivyokuwa akifanya. Feleti alikuwa akila huyu samaki analamba vidole mpaka nasikia aibu. Nimelamba vidole mwenyewe. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 5 Machi
Siwezi kushindwa na samaki. Nimemchoma mwananguruwe niliyekuwa namtunzia Pasaka. Nimemlaza kwenye majani ya ndizi, nikampeleka jiweni, nikakohoa ili ajue.

Saa kumi kuna mkeka. Na si mkeka wowote. Ni ule mwembamba aliousuka na mama yake akiwa msichana, ambao huvaliwa kiunoni siku kubwa tu. Sina cha kuzidi hapo. Nimeshindwa kwa wema, na mpinzani hata hakutoka jasho.

Halafu kapita Vika wa nyumba ya kona, kabeba sufuria. Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema kwa Kalolaine, anagawa kila kitu, hata mapazia. Akaniuliza mimi nimepata nini.

Kumbe si makaa. Anafunga nyumba.

Nimekaa barazani na mkeka mapajani mpaka kuku wakapanda mtini kulala.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya. Shavu la pili. Atanitukana hadharani, mimi nitamgeuzia shavu na kumsamehe kwa sauti, watu wataona, yeye ataona haya, ataomba radhi, tutakumbatiana. Tatizo ni kwamba hanitukani. Inabidi asaidiwe.

Nimemkuta dukani kwenye foleni ya mkate. Nimemkanyaga. Kidole gumba, kwa kisigino. Nikageuza shavu tayari.

Akasema, "Samahani, mama Siosi. Mguu wangu ulikuwa njiani kwako."

Ameomba msamaha! Wa kwanza ni yeye! Nimetoka dukani nikicheka peke yangu, nimesahau na mkate.

Nusu ya njia nimesimama. Mama Siosi. Kaniita kwa jina la mwanangu, kama mtu anavyomwita mke wa ofisa wa posta. Miaka thelathini na moja mimi ni wifi. Wifi lete maji. Wifi gundi inaganda. Wifi acha kulia, Feleti kapumzika.

Leo sina zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Mashahidi. Neno linasema mkikosana, nenda kwake peke yako. Akikataa kukusikia, chukua wawili. Nimeruka hatua ya kwanza kuokoa muda. Nimemchukua Vika, na mama mchungaji, Ane.

Kalolaine katukaribisha vizuri mno. Chai, mikate ya nazi. Kawaonyesha picha za mapacha. Kasema Auckland kuna baridi mpaka kwenye kuta. Vika kataka kujua kama huko watu wanaponda magome. Kalolaine kasema hapana, majirani wakisikia nyundo huita polisi. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa natazama ukutani, pale palipokuwa na picha ya Feleti akiwa kijana. Imebaki alama ya mraba tu.

Mama mchungaji akanionyesha kwa kidole, akasema, Fusi ana jambo.

Nilikuwa nimejiandaa. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua kinywa, yakatoka haya: "Nimekuja kukusamehe."

Kalolaine akaweka kikombe chini. Akauliza nimemsamehe nini.

"Kwa kunikasirikia."

Vika alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Kalolaine hakucheka. Aliinuka, akasema ana masanduku ya kufunga.

Njiani mama mchungaji kaniambia nimelisoma Neno kuanzia nyuma. Unapokosa wewe, unakwenda peke yako, unasema kosa lako, na la mwenzako unamwachia mwenyewe. "Na ukishasema, Fusi, funga mdomo." Nimemwambia hilo la mwisho halimo kwenye Maandiko. Kasema kwa mtu kama mimi lingepaswa kuwemo.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi, kabla chai haijachemka, nimeisikia. Nyundo ng'ambo ya ua. Ko. Ko. Ko. Anamalizia gome la mwisho, na peke yake. Nyundo moja ni sauti ya upweke sana. Kila mpigo unaacha pengo, na pengo lile nalijua, ni langu.

Sikuwa na mpango. Naandika hili kwa sababu hata mimi nimeshangaa. Nimechukua nyundo yangu nikakaa na gogo dogo upande wangu wa ua, nikapiga kwenye pengo.

Akasimama. Nikasimama.

Akaanza tena. Ko. Nikajibu. Ko. Tumekwenda hivyo, majani katikati, sijui muda gani. Mkono ulikuwa unauma na sikutaka uache kuuma.

Kisha sauti yake: "Wifi, unachelewa."

Nimepita katikati ya ua. Sketi imechanika. Alikuwa amekaa upande wa bahari, na upande wa barabara palikuwa patupu. Nimekaa. Nimemwambia nilisimama mbele ya akina mama nikamwaibisha, na kwamba haikuwa sala, ilikuwa wivu, kwa sababu kazi ile, kabla haijabanduka, walimsifia yeye na mimi hakuna aliyenitaja. Nimemwambia anisamehe. Neno "lakini" lilifika mpaka kwenye meno. Nimelimeza.

Akasema alishanisamehe siku ya nguruwe. "Nilikuwa nangoja tu nikusikie. Miezi saba, wifi! Una mdomo mkubwa hivyo na neno moja limekwama?"

Tumelia, tumecheka, gome limelowa. Nikamwomba asiende. Akasema tiketi imeshakatwa, na Lose hajalala wiki tatu. Akanishika kidole gumba akakivuta, kama alivyofanya kaburini kwa Feleti.

Miezi saba. Tungeweza kuponda magome ya kijiji kizima.

Jumapili, 9 Machi
Tumepiga magoti mezani pa Bwana bega kwa bega, mimi nimevaa mkeka wake. Wakati wa wimbo kapotea kwenye sauti ya pili, kama kawaida yake. Sikumwambia kitu. Mungu ni shahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Uwanja wa ndege. Alivaa koti la sufu kwenye joto hili. Kageuka mara mbili. Nilihesabu.

Nimerudi nyumbani. Ng'ambo ya ua madirisha yamefungwa. Nimepiga nyundo mara tatu, nikaacha.

Jumatano, 12 Machi
Kapiga simu ya picha! Uso wake umejaa kioo kizima, pacha mmoja begani, wa pili analia mahali. Kasema baridi, kasema viazi vya huko havina ladha, kasema amenikumbuka. Akaniuliza, "Hujambo lakini, wifi?"

Nilitaka kusema sijambo. Sijambo kabisa, leo nimekula sahani mbili. Kikanitoka kikohozi. Kidogo tu. Akashtuka, akasogea karibu, akauliza nimeanza lini. Nikasema hata sikumbuki. Nikaegemea ukuta. Akasema nikizidiwa atapanda ndege, mapacha na Lose watajijua.

Hadi Pasaka ni wiki tano na nusu, awe amefika. Nimeanza mazoezi. Kikohozi cha asubuhi kimekuwa kizuri, cha jioni bado hakina uzito. Kesho nitamwambia Vika ampigie simu aseme nimekonda.

Akifika akagundua, nitamwomba msamaha. Siku hizi naweza.