Kwaya ya Pasaka Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Machi 2007. Singida Mjini.

Siku nzito. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa alizeti, ametangaza kwamba soko huria halina huruma, na makarani wawili ni wengi. Ijumaa atabaki mmoja. Mimi au Stanley! Nimemwaza mama kule Kinampanda. Ameshawaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe ndiye anayeiamrisha kompyuta. Siwezi kurudi kushika jembe mbele yao.

Nimewaza sana. Mpango upo.

Jumanne, 6 Machi.

Kompyuta ya ofisi ni moja tu. Leo nimeunda nyingine ndani yake! Si ya kushika kwa mkono. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili, na humo nimeweka Linux, mfumo ambao Stanley hajawahi hata kuuota. Juu ya Linux nimesimika kanzidata ya wanachama. Majina yote ya wakulima nimeyahamishia huko, kisha nikayafuta yalikokuwa zamani. Nywila ninayo peke yangu. Atakayenifukuza mimi, amefukuza na wanachama.

Tatizo moja. Kompyuta hiyo ya ndani hukaa yote kwenye folda moja, kubwa ajabu, na Stanley hupekua. Kwa hiyo folda nimeiita Kwaya ya Pasaka. Hapa ofisini kila mtu huijaza kompyuta nyimbo za kwaya yake, na Stanley, mwalimu wa kwaya, ndiye kinara. Moja zaidi nani ataiona? Akili ni mali.

Jumatano, 7 Machi.

Kompyuta imekuwa nzito. Kumbe ile ya ndani inakula nusu ya nguvu ya ile ya nje! Redempta, katibu muhtasi, amehangaika na barua moja tangu chai hadi adhuhuri. Jioni aliizima ukutani kama kawaida, akaifunika kitambaa chake cha kufuma, akasema inaumwa, ipumzike. Mzee Mughwai akauliza kwa ukali ni nani anayeielemea kompyuta ya chama.

Ulimi ukaniokoa. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba ni kwaya za Stanley. Mzee ameagiza kesho asubuhi kwaya zote zifutwe. Stanley alinitazama tu.

Alhamisi, 8 Machi.

Asubuhi nilikuwa ofisini kwa Mzee, mlango wazi, nikimsimulia kanzidata yangu. Stanley yuko kwenye kompyuta, anafuta. Akaita kutoka kule kwamba kuna kwaya moja si yake, kubwa kuliko zote, je, aiache? Nikajua anabembeleza ili aokoe za kwake. Nikamjibu kwa sauti ya mamlaka kwamba agizo ni agizo, afute bila huruma. Akauliza tena, taratibu, kama nina hakika, maana ni kubwa mno, hata pipa la taka la kompyuta haliipokei. Ikifutwa imekwenda. Nikasema, Mzee akisikia, kwamba ubishi wa namna hiyo ndio unaoua vyama vya ushirika.

Ikafutwa.

Mzee akaniambia sasa nimwonyeshe hiyo kanzidata. Nikaketi. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Redempta akaniletea maji bila kuombwa.

Ijumaa, 9 Machi.

Amebaki Stanley. Atazunguka vijijini kuandika wanachama upya kutoka kwenye kadi zao. Mzee alinipa mkono na kunitakia heri. Afadhali angefoka! Stanley alinisindikiza hadi stendi, akanibebea begi, akasema pole kaka, hakujua. Wema wake uliniuma kuliko kufukuzwa. Nilitamani kulia.

Jumatano, 21 Machi. Kinampanda.

Mama hajaniuliza kitu. Kanisani amesema nimekuja likizo. Nikainamisha kichwa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Mchungaji amepata kompyuta ya msaada, ameniomba niwaandike washarika. Tayari nimeunda kompyuta ndani yake. Linux, kanzidata, washarika wote humo, nywila kwangu. Yuko mzee wa kanisa mmoja tu, Alute, anayesimama nyuma ya kiti changu akisema anataka kujifunza. Hanipati.

Makosa ya Singida nimeyatafakari kwa kina. Kosa lilikuwa jina. Kwaya watu wanazipenda, ndiyo maana ikaonekana. Safari hii folda nimeiita Takataka. Nani atahangaika nayo?

Na ili Alute asinisumbue, nimempa kazi ya kumfaa. Kesho asubuhi aisafishe kompyuta, aondoe yote yasiyo na maana.