Kanuni ya Mbweha

Malachy Tynan alikuwa akimwagilia maji ua la plastiki pale alipoiona riziki yake.

Ua lenyewe lilikuwa mali yake. Alilikodisha kwa kampuni ya Pingino pamoja na mengine yaliyotapakaa ghorofa nzima, na kila Jumatatu alikuja na kopo lake kuyanywesha, akalipwa kwa huduma hiyo. Watu wa kompyuta wa Dublin hawana nafasi ya kushika jani wajue kama ni jani. Malachy alilijua hilo, na hakuona haja ya kuwasumbua.

Siku hiyo mlango wa bosi haukufungwa vizuri, na Fintan Rooke, mwanzilishi wa Pingino, alikuwa akimfokea mtu kwenye simu.

"Mpeni likizo ya bustani! Miezi sita, mshahara wote! Akae kwao anywe chai mpaka anene, lakini ng'ambo ya mfereji hakanyagi!"

Ng'ambo ya mfereji ilikuwa Scilleo, iliyouza kitu kilekile alichouza Fintan, yaani programu za kulipa mishahara. Mwenye Scilleo, Lorcan Keaveney, aliwahi kuishi chumba kimoja na Fintan chuoni, wakakosana kwa sababu ya mashine ya kuchomea mkate, na tangu hapo kila mmoja alianzisha kampuni ili mwenzake asilale. Likizo ya bustani nayo ni desturi ya huko. Mfanyakazi mwenye siri akitaka kuhamia kwa mshindani, hulipwa akae nyumbani mpaka siri zake zipitwe na wakati. Wengi wanaoipata hawana hata chungu cha maua.

Malachy aliganda, maji yakimwagikia kiatu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na alilala kwenye stoo ya dada yake Bernie, ubavuni mwa ubao wa kupigia pasi. Kule Skerries kulikuwa na kijumba cheupe kinachouzwa, madirisha yake yanaitazama bahari, na kwa muda mrefu Malachy alikuwa akikipigia hesabu zisizofika. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, alijisemea. Na hapa pana panzi wawili wanene wanaolipa watu wakalale.

"Hilo ni la plastiki," sauti ikasema nyuma yake.

Kwenye kochi la mapokezi aliketi mwanamke mwenye koti la mvua, mkoba mapajani. Aliitwa Sorcha Devane, mhandisi wa programu, mtu wa Mayo, mashambani magharibi mwa nchi.

"Ndiyo maana halijawahi kunifia, dada," Malachy alijibu bila kupepesa jicho. "Na wewe umefuata nini?"

"Jibu. Wamenisaili mara sita, halafu wakanipa jaribio nikalifanyie nyumbani. Nimewaundia programu nzima ya kuhesabu likizo za wafanyakazi. Wiki tatu, kaka, usingizi nausikia kwa jirani."

"Wamekulipa?"

"Jaribio halilipwi."

Malachy aliwahi kuuza tiketi za mechi iliyochezwa juzi yake, lakini hapo alihisi wivu wa kweli. Kumfanyisha mtu kazi wiki tatu kwa kumwambia unamjaribu! Yeye angefungwa kwa hilo. Hawa waliandikwa magazetini na kupewa tuzo.

Binti wa mapokezi akaja na tabasamu. Kampuni imevutiwa mno na Sorcha, alisema, na inamtakia kila la heri kwingineko.

"Kwingineko ni ng'ambo ya mfereji," Sorcha alisema akifunga koti. "Na kule nako nimeshawafanyia jaribio lilelile." Akatoka kwenye mvua, na Malachy akamsahau kabla mlango haujajifunga.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Fintan kuomba kazi, safari hii na suti ya shemeji yake, na Fintan, ambaye hakuwahi kumtazama mtu wa maua usoni, hakumtambua.

"Unajua nini kuhusu programu za mishahara?" Fintan aliuliza.

"Ajabu. Swali hilo Lorcan hakuniuliza."

Fintan alikaa wima. "Umeonana na Lorcan?"

"Sisemi kitu, bosi. Mimi mtu wa maadili."

"Alikupa nini?"

"Chai tu." Malachy alitazama dirishani. "Na biskuti. Zile za chokoleti pande zote."

Fintan akapauka. Alimjua Lorcan, na Lorcan hakuwa mtu wa kumpa mtu biskuti bure. Kabla ya chakula cha mchana Malachy alikuwa Mkurugenzi wa Mikakati ya Mbele. Jaribio hakupewa, kwa kuwa majaribio ni ya wanaoijua kazi.

Alidumu humo wiki mbili. Kwenye vikao alisema maneno ya aina mbili tu, "Turudi nyuma kidogo," na "Hebu tulitazame kwa jicho la mteja," na kila aliposema, vijana wote waliandika. Kisha akaaga kwa huzuni kubwa kwamba ameitwa ng'ambo. Fintan alimpa likizo ya bustani siku hiyohiyo. Malachy akavuka daraja na kumgongea Lorcan.

"Fintan ananilipa miezi sita nisije kwako," alimwambia. "Sisemi najua nini. Nasema tu analipa."

Lorcan alimtazama mtu huyu ambaye adui yake alimthamini kiasi hicho, akashindwa kujizuia. Alimwandikia mkataba wa kuanza kazi likizo itakapokwisha, na mshahara wa kumshikilia uanze palepale. Kizuri chajiuza, lakini Malachy alijua kwamba hata kibaya hununuliwa mbio kikionekana mkononi mwa jirani.

Mambo yangeishia hapo kwa amani, kama si mbweha.

Kwenye maonyesho ya biashara, mtu wa Pingino alichungulia programu ya Scilleo. Palikuwa na orodha ya sababu za mfanyakazi kuondoka: amejiuzulu, amestaafu, amefukuzwa, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, mbweha. Yule mtu nusura aangushe glasi. Programu ya Pingino nayo ilikuwa na neno lilelile mahali palepale. Kule hakuna aliyejua linafanya nini. Kijana mmoja aliwahi kulifuta, programu nzima ikagoma, wakalirudisha haraka na kuanza kuliheshimu. Waliliita Kanuni ya Mbweha, na Fintan alishawaambia wawekezaji kwamba ndiyo siri ya mafanikio ya kampuni.

"Ametuibia mbweha!" alipiga kelele, akaenda Mahakama Kuu.

"Mbweha wangu!" Lorcan alijibu, kwa maana kule kwake nako mambo yalikuwa hivyohivyo, akafungua kesi yake juu ya ile ya mwenzake. Na kwa kuwa mtu mmoja tu alikuwa amevuka daraja, kila upande uliamini kwamba mbweha alisafiri kichwani mwa Malachy Tynan. Mawakili wa pande zote mbili walishauri jambo moja: alipwe, anyamaze, akae nyumbani. Kwa hiyo Malachy akawa kwenye likizo mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho hata wafalme hawakijui. Alilipa malipo ya awali ya kijumba cha Skerries, akaenda kupima madirisha na kuchagua mapazia ya buluu, akayaacha humohumo.

"Malachy," dada yake alimuuliza huku akipiga pasi, "wewe hasa unafanya kazi gani?"

"Nalipwa nisiwe mahali, Bernie."

"Basi mimi ningekulipa nikiwa na uwezo."

Kisha Jaji Hanratty, mama aliyechoshwa na makaratasi, akaamuru huyo anayesemwa amebeba siri aje mwenyewe kizimbani aieleze. Simu mbili zilimjia Malachy jioni hiyo, na zote zilisema jambo lilelile kwa upole. Akieleza, yeye ni mtu muhimu na mshahara utaendelea. Asipoeleza, hana siri, na asiye na siri hana likizo. Malipo ya mwisho ya nyumba yalikuwa wiki moja baada ya kesi. Malachy aliutazama ubao wa pasi, na ubao ukamtazama.

Ndipo alipomkumbuka mwanamke mwenye koti la mvua. Alimkuta mtaa wa Talbot akiuza makava ya simu.

"Dada, unanikumbuka? Yule wa maua."

"Ya plastiki," Sorcha alisema.

Malachy alimnunulia chipsi na kumweleza shida yake yote, ila pale palipomwaibisha alipapunguza kidogo. Alipofika kwenye mbweha, Sorcha alisimamisha chipsi katikati ya safari.

"Mbweha? Kwenye sababu za kuondoka?"

"Za kampuni zote mbili. Hakuna anayejua ni nini. Wewe unaweza kujua?"

Sorcha alinyunyiza siki kwenye chipsi zake polepole, kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Naweza kukufundisha programu yote, neno kwa neno."

"Nitakupa nusu!" Malachy alisema, akijua kwamba hatampa hata robo.

"Sitaki hela yako. Nataka kiti mahakamani, mbele kabisa."

"Kiti? Kitakusaidia nini, mdogo wangu?"

"Sijawahi kuona siri ikitolewa."

Malachy alikutana na wajinga wengi maishani, lakini huyu wa bure kabisa alimtia huruma. Jioni kadhaa walikaa jikoni kwa Bernie, Sorcha akifundisha, yeye akikariri. Mwalimu alikuwa mkali. Hata majina ya wafanyakazi wa mfano yaliyofichika ndani ya programu alimtaka ayajue yote, kwa sababu majaji hupenda ushahidi wenye majina.

Siku ya kesi Malachy aliapa kusema kweli tupu, kama watu wote wanavyoapa. Akaeleza, na jamani, alieleza! Alieleza jinsi likizo inavyojikusanya kwa mtu wa siku mbili kwa wiki, na kwa mama anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini Newry. Fintan aliitikia kwa kichwa, amejaa fahari. Upande wa pili Lorcan naye akaitikia, akimwona mtoto wake anasifiwa. Mawakili waliandika mpaka vidole vikauma. Malachy alijisikia mtu mpya. Harufu ya bahari ya Skerries ilimfikia palepale kizimbani.

"Na huyu mbweha?" jaji aliuliza.

"Mheshimiwa Jaji, mbweha ndiye roho ya kitu chote. Mfanyakazi akiondoka kwa mbweha, hakuna barua wala malimbikizo. Anafutwa hapohapo. Wamo wafanyakazi wa mfano ndani ya programu zote mbili: Assumpta, Attracta, Concepta na Dymphna Mdogo. Concepta aliondoka kwa mbweha."

Jaji alivua miwani. "Hawa ni akina nani?"

Malachy alifungua kinywa, akagundua kwamba hilo hakufundishwa. Aligeuka kumtazama mwalimu wake kwenye kiti cha mbele. Pembeni yake aliketi kijana mwenye vazi la uwakili ambaye Malachy hakuwahi kumwona. Sorcha alikuwa ameshasimama.

"Naomba niseme, Mheshimiwa. Hao ni kuku wa bibi yangu, kule Mayo."

Mahakama ilicheka mpaka karani akainama chini ya meza. Sorcha alisubiri wamalize. Alieleza kwamba ile programu ni jaribio lake la kazi, alilowapa wote wawili, wakamnyima kazi wote wawili na kubaki nalo wote wawili. Alihitaji majina ya mfano, akaandika ya kuku. Mwezi huo mbweha aliingia bandani, na Sorcha kwa uchungu akamwandika mbweha naye.

"Huyo Concepta," alisema jaji, ambaye alikulia shambani, "alikuwa anataga?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Pole sana." Na alimaanisha. Kisha akawageukia mabwana wawili waliokuwa wakitazama viatu vyao. "Mmenikalisha hapa majira mawili mkigombania banda la kuku la watu. Huyu dada mlimlipa?"

"Jaribio halilipwi," Fintan alinong'ona.

"Nani kasema?"

Shahidi wao wenyewe, kwa kiapo, alikuwa ameshaeleza kila kitu cha Sorcha mpaka kuku. Katika maisha yake yote Malachy Tynan hakuwahi kusema ukweli mtupu saa nzima mfululizo, na ndio uliomponza.

Fintan na Lorcan walipatana na Sorcha ukumbini kabla ya saa ya chai, na hawakumpa kidogo. Likizo zote mbili zilikufa alasiri hiyo. Kijumba cha Skerries kikapewa mtu mwingine, na Malachy akarudi kwa ubao wa pasi.

Majira ya kuchipua alipanda treni kwenda Skerries kudai angalau mapazia yake. Alipofika uani alimkuta Sorcha amevaa mabuti, kuku wekundu wakimzunguka.

"Umeniibia nyumba!" Malachy alisema.

"Nimeinunua. Wewe ulichagua mapazia tu, na umechagua vizuri."

"Nilikufungulia moyo wangu, Sorcha. Kwenye chipsi."

"Na mimi nilikufundisha bure. Hata hukuuliza kwa nini." Aliitazama suti ya shemeji, ambayo sasa ilikuwa imepauka viwikoni. "Kazi umepata?"

Malachy alikunja mikono ili viwiko visionekane.

"Nimefungua kampuni yangu," Sorcha alisema. "Namtaka mtu wa kuzungumza na wateja, na mdomo unao. Lakini kwanza kuna jaribio." Akamkabidhi kopo la kumwagilia na kumwonyesha tuta la kabichi changa. "Za kweli hizi. Zikifa, nitajua."

Malachy alilipima kopo mkononi. Lilikuwa zito, limejaa.

"Linalipwa, hili jaribio?"

"Linalipwa."

Akainama, akaanza kumwagilia. Kuku mmoja, Concepta wa Pili, alisimama kando akimkagua kwa jicho moja. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe, lakini wahenga hawakuwahi kufika Mayo.