Mkanda wa Tumbo Ukutani

Leo, mbele ya wachimbaji ishirini na watatu, nimethibitisha kwa ushahidi kwamba katibu wao anatafuta mkanda wa kubana tumbo. Katibu ni mimi.

Nianze mwanzo. Ushirika wetu wa wachimbaji wadogo, hapa Manika, una kompyuta moja ya wote. Kila Jumatatu ninaiunganisha na projekta, ninafungua kivinjari, na tunasoma ukutani bei ya kobalti kabla ya kwenda kwa wanunuzi.

Leo nilitaka wapige kura ya kubadilisha kivinjari hicho.

"Ni cha bure kwa sababu wenye matangazo ndio wanaokilipia," nikawaambia. "Wanacholipia ni kujua tunatafuta nini. Leo tunatafuta bei, kesho mnunuzi anajua tuna haraka ya kuuza."

"Na ile mupya, nani anailipia?" akauliza Mama Vero, mtunza hazina.

"Michango ya watumiaji."

"Aah. Michango tena."

Minong'ono. Wananiponyoka. (Hapo ningeketi. Sikuketi.) Pembeni mwa ukurasa wa bei likatokea tangazo: mwanaume kifua wazi, mkanda tumboni.

"Mnaona? Kuna mtu humu amekitafuta kitu hiki."

(Nilijua ni mimi. Nilitumia kompyuta hii ya ofisi ili mke wangu asione kwenye simu, na nilikuwa na hakika nimefuta kila kitu.)

Macho yote kwa mzee wetu Tata Mulongo, rais wa ushirika, ambaye tumbo lake humtangulia kikaoni.

"Mi? Tumbo yangu naipendaka. Naikulishaka bukari kila siku. Katibu, fungua fasi inaandika bile bantu banatafuta. Tuone."

Nikafungua historia ya kivinjari. Jumamosi, saa kumi jioni: "mkanda wa kupunguza tumbo, mwanaume, haraka." Mara nne.

"Samedi ufunguo ya biro inabakiaka na nani?" akauliza Tata Mulongo, polepole.

"Jumamosi ufunguo wa ofisi hubaki na mimi, Tata."

"Ehe. Na ile mukanda, ilishafika?"

(Ulishafika. Nilikuwa nimeuvaa.)

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nikangoja, nikasema kile nilichokuja kusema: kama kivinjari kimenijua mimi hivi, kinazijua na haraka zetu. Pigeni kura.

Wakapiga, mimi mwajiriwa sina kura. Kumi na moja ndiyo, kumi na moja hapana. Imebaki ya Mama Vero, aliyetoka nje kucheka na mpaka sasa hajarudi.