Kanuni Yangu ya "Hakipo"

Jumatatu, 2 Februari
Mtihani wa marudio wa hesabu ni keshokutwa. Ijumaa ni gwaride la ngoma mtaani Isla de Flores. Mama ameifungia ngoma yangu kabatini. Eti nikifaulu, naipiga mimi. Akifaulu Maicol peke yake, ataipiga yeye. Tukifeli wote, ataipiga Mama mwenyewe! Maicol huyu ni jirani, alifeli Desemba kama mimi, ila yeye Mama anamwita mtoto mwenye adabu.

Jumanne, 3 Februari
Kusoma ni kwa wasio na akili. Nimepekua mitihani ya zamani. Kila mara wanachora mstari wa f na mstari wa g, kisha wanauliza kikomo: f + g inaelekea namba gani x ikikaribia 2? Mistari ikiwa imekatika hapo kwenye 2, mara nyingi jibu ni kwamba kikomo hakipo. Basi kanuni: umeona ufa, andika "hakipo". Dakika tano tu, nikaenda kunywa chai yangu ya mate.

Alasiri akaja Maicol. Ndugu yangu, niokoe, hata nusu sielewi. Adui kajileta mwenyewe! Nikamtungia uongo mrefu wa kuchosha: ajumlishe namba ambazo f na g zinaelekea kutoka kushoto, halafu zile za kulia, jumla hizo mbili zikilingana, hicho ndicho kikomo. Akanikumbatia. Niliona haya kidogo. Ikapita.

Jumatano, 4 Februari
Maswali sita, yote mistari iliyokatika. Nusura nicheke. Hakipo mara sita! Nilitoka wa kwanza. Maicol alibaki anahesabu kwa vidole, maskini.

Alhamisi, 5 Februari
Nimefeli. Maicol kapasi.

Mwalimu Zulma akanionyesha swali la kwanza. Kushoto f inaelekea 3, g 2: jumla 5. Kulia f 1, g 4: jumla 5 vilevile. Mstari mmoja umeshuka, mwenzake umepanda kiasi kilekile, kikomo kipo. Kisha akauliza, mbele ya watu, imekuwaje mtu aliyemfundisha Maicol vizuri hivyo aandike upuuzi huu. Mjinga yule alikuwa amewatangazia wote!

Mama akanibusu. Mwanangu, kumbe una roho nzuri. Akafungua kabati, akampa Maicol ngoma.

Ijumaa, 6 Februari
Maicol kapiga vizuri. Imeniuma sana. Mimi nilipewa kazi ya kuchochea moto wa kukazia ngozi za ngoma. Karatasi yangu ya mtihani iliwaka bila shida.

Lakini sikati tamaa. Marudio mengine ni Julai, nami nimeanza kujiandaa mapema. Jibu lilikuwa 5. Nitajaza 5 kila swali. Na safari hii simdanganyi mtu. Watu wananiibia bahati.