Wakwe Kutoka Nchi ya Theluji

Jumatatu, 6 Mei

Wakwe wa mpwa wangu wanakuja Jumamosi, kutoka nchi ya theluji. Mama mkwe bado hajaikubali ndoa. Anataka kwanza atuone ni watu wa namna gani. Baba wa mpwa, mume wa Dada, ni marehemu, basi nani ataisemea familia? Dada anamtaka shemeji yake, Baba Mdogo, mwalimu wa udereva asiyevuka maneno matatu kwa siku. Na mimi je? Mimi fundi televisheni. Kila seti lazima niiache iwake nione kama imetulia, kwa hiyo nimeshatazama watu wa dunia nzima. Nikamwambia Dada hivyo. Akajibu kuwa televisheni yake iko kwangu tangu mwaka jana na haijatulia.

Jumanne, 7 Mei

Nimegundua! Utamaduni huletwa na hali ya hewa. Watu wa milimani hupaza sauti kwa kuwa jirani yuko mlima wa pili. Sisi wa joto hukaa nje, ndiyo maana tunajua habari za kila mtu. Watu wa baridi hufumba midomo, joto lisitoke. Hawataki maneno, hawataki kukumbatiwa, na hawachelewi, maana kwao ukimsubirisha mtu nje anaganda.

Baba Mdogo akauliza kama si vizuri kuwauliza wenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Dada amekubali shingo upande. Mapokezi napanga mimi. Yakifana, msemaji ni mimi mpaka harusini. Yakiharibika, nisionekane hata jikoni.

Alhamisi, 9 Mei

Mazoezi sebuleni. Kusalimiana kwa mkono ulionyooka, hakuna kukumbatiana. Kula kimya. Shangazi yetu alipofika kijiko cha tatu machozi yakamtoka. Anasema hajawahi kula kimya ila siku alizomnunia mumewe. Mpwa akaniambia, Mjomba, hawa watu hawako hivyo. Mapenzi yamempofusha, maskini.

Jumamosi, 11 Mei

Saa sita, saa waliyoahidi, tulikuwa tumeketi, mikono mapajani. Saa saba, hakuna mtu. Saa nane, supu imepoa. Mpwa akaenda chumbani kulia, akisema mama mkwe amebadili mawazo. Dada hakunitazama, na hilo lilinitisha kuliko matusi.

Saa tisa tukasikia nyimbo mlangoni. Wageni! Mpwa akatoka chumbani mbio. Mama mkwe akamkumbatia Shangazi, akamkumbatia Dada, akamkumbatia na jirani aliyekuwa anapita zake. Sisi tukasimama wima kama nguzo, mikono mbele, bila neno. Uso wake ukasawijika. Akamnong'oneza mpwa, akiuliza kama tuna msiba.

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Baba Mdogo akafungua kinywa. Akauliza mbona wamechelewa, mpwa akatafsiri.

Kumbe tangu asubuhi wamekaa ndani ya gari kona ya pili! Mjomba wao aliwafundisha kwamba watu wa joto huona kuwahi ni ufidhuli, na asiyekumbatia kila mtu ameleta ugomvi. Hata nyimbo walizifanyia mazoezi. Mama mkwe alikuwa anatetemeka kwa njaa.

Mpwa akamweleza habari za Shangazi na kile kijiko. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa sakafuni, Shangazi juu yake. Supu baridi ikaliwa kwa kelele. Ndoa ameikubali. Anasema watu walioteseka hivyo kwa ajili yake hawezi kuwakataa. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Baba Mdogo.

Msemaji wa harusini ni yeye. Swali moja tu, kapewa cheo!

Jumapili, 12 Mei

Mjomba wao amekuja kibandani kwangu, na mpwa akitutafsiria. Yeye ni fundi redio. Mtu mwenye akili sana. Tumechunguza jambo lote na kuona hatukukosea: jana palikuwa na mawingu, na mawingu huvuruga hesabu.

Mdogo wake bwana harusi anachumbia binti wa visiwani. Wakwe hao pia wataalikwa harusini. Watu wa visiwani wamezoea kuona maji pande zote, kwa hiyo wakiona ukuta hukosa raha. Tumekubaliana watakaa wakitazama nje, na kwa heshima ukumbi mzima utawapa mgongo.

Mazoezi yanaanza kesho. Shangazi bado hajaambiwa.