Nusu Yangu Inatazama Milima

Jumatatu, 6 Juni 1994
Talaka imetoka. Mimi na Justa, basi! Zimebaki nyumba yetu ya hapa Same na kiinua mgongo nilichopewa shamba la mkonge lilipopunguza wafanyakazi. Hakimu atagawa Ijumaa. Kugawa? Jasho langu? Alasiri nzima nimekaa uani kutazama ukungu ukiteremka milimani, taratibu, kama maziwa yanayofurika. Nikaona kila kitu. Biashara huria. Tai shingoni. Pikapu. Watu wananipisha njia: Bwana Tumainieli huyo!

Jumatano, 8 Juni
Mpango! Fedha isiyokuwepo haigawanyiki. Nimekwenda kwa Habibu, muuza mitumba, nimenunua mabelo, marobota ya nguo yaliyofungwa, kwa kiinua mgongo chote. Habibu akauliza kama sitaki kujua ndani mna nini. Nikamjibu kwamba mfanyabiashara hanunui nguo, hununua bahati. Akaniangalia kwa huruma. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Juni
Nimefungua. Makoti. Makoti matupu! Mazito, yenye manyoya shingoni. Hapa Same, ambako hata mbuzi hugombea kivuli! Nimevaa moja, nikapita nalo mtaani. Jasho chapachapa, lakini nilipendeza. Nikajiona nashuka kwenye ndege, nchi ya theluji, napokewa kwa maua.

Ijumaa, 10 Juni
Mahakamani. Nikasema sina fedha. Justa akasema ni kweli, fedha hana, makoti anayo; mtaa mzima umemwona. Hakimu akacheka hadi akavua miwani. Makoti nusu kwa nusu! Na nyumba pia, maana Justa alibeba mawe ya msingi akiwa na mimba ya binti yetu, Brightness. Alibeba kweli.
Nikapewa nichague: mbele, penye baraza na barabara kuu, au nyuma. Nikachagua nyuma. Milima yote ile! Justa akashukuru haraka mno.

Alhamisi, 16 Juni
Justa amepeleka makoti yake kwao Shighatini. Aliuliza kama achukue na yangu, kwani huko juu baridi imeshaingia. Nikamfundisha kwamba siri ya biashara ni kungoja bei ipande.
“Haya, ngoja, Baba Brightness,” akasema.
Maskini. Hajui soko.

Jumatatu, 20 Juni
Amerudi mikono mitupu. Ameuza yote! Walimu, wazee wa kanisa, hata bwana harusi mmoja. Sasa ameweka meza na jiko barazani. Chai, vitumbua, supu. Mabasi ya Arusha yanasimama. Harufu inazunguka nyumba hadi kwangu. Nikakimbiza makoti yangu sokoni. Mzee mmoja aliuliza kama yanafaa kutandikia punda.

Jumapili, 26 Juni
Brightness kaniletea vitumbua. Mama yake kasema nisilale na njaa. Nikala nikitazama milima, ikawa ya buluu, ikaelea. Nikamwona Justa barazani, anacheka kama enzi za uchumba wetu, na mimi kando yake. Moyo ukalainika. Machozi kidogo.
Ndipo ikanijia, wazi kama mchana! Mali ya mume na mke ni nusu kwa nusu. Hakimu kasema mwenyewe. Kesho naenda kumposa Justa. Tutaoana. Mwakani tutaachana kwa amani, na mgahawa utagawanywa.